OILI IKIVUJA, MSHAHARA USIKATWE

Ndugu wafanyakazi,

Katika gereji zinazofufua magari ya zamani iko desturi mbaya. Injini ikirudi inadondosha oili nyuma, tajiri hataki kujua sababu. Anakata mshahara wa fundi. Sisi twasema desturi hiyo ikome.

Tuseme ukweli wa kazi. Sili iliyokaa miaka mingi huchimba mfereji juu ya krenkishafti. Ukitia sili mpya juu ya mfereji ule, oili itapita vilevile. Dawa ni kukereza shafti, au kuivika bangili nyembamba ya chuma. Beringi kuu zikilika, shafti hucheza, wala hakuna sili itakayoishinda. Tundu la kupumulia injini likiziba, hewa ya ndani husukuma oili nje. Na injini ya BMC iliyotiwa katika Morris Minor toka 1952, nyuma haina sili ya mpira kabisa: ina mfereji wa parafujo tu, unaorudisha oili ndani. Anayedai injini ile iwe kavu kama sahani hajui anachodai.

Fundi huyaeleza haya mapema. Jibu analopewa ni, "Pakaza gundi, gari liondoke kesho." Gundi hiyo ikimenyeka ndani huziba chujio la pampu ya oili, na injini hufa. Tajiri ameokoa bei ya kukereza. Fundi ndiye anayelipa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, haikumpa tajiri ruhusa hiyo. Mshahara hukatwa kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipokosa kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Shafti iliyolika kabla fundi hajaigusa ni kosa la makusudi la nani?

Nasi tusiwape silaha. Mdomo wa sili uelekee kwenye oili, upakwe oili, usiingizwe upande. Sili ya kamba ilowekwe kwanza, na ncha zake zikatwe sawasawa.

Tunadai hivi: shafti ipimwe, vipimo viandikwe, na tajiri atie sahihi kabla injini haijafungwa. Akikataa kununua kinachohitajiwa, kukataa kwake kuandikwe papo hapo. Ndugu, msifunge injini bila karatasi hiyo. Mmoja akidai peke yake atafukuzwa. Gereji nzima ikidai, itasikilizwa.

Umoja ni nguvu.