Tumbili wa Mnyororo Hachekeshi



Likizo iliyopita baadhi yetu tulimkuta tumbili mdogo nje ya baa, amefungwa mnyororo kiunoni. Wateja walimpa soda, wakacheka, wakapiga picha. Nasi tulicheka. Jioni, baada ya Masifu, mmoja wetu akauliza: “Hivi mama yake yuko wapi?”

Jibu lake ni chungu. Mtoto wa tumbili hung’ang’ania kifuani kwa mama yake, na mara nyingi anayemtaka mtoto humuua mama kwanza. Uchungu wa kutengana nao si hadithi. Kule Gombe, mkoani Kigoma, sokwe jike aliyeitwa Flo alikufa mwaka 1972. Mwanawe Flint, mwenye umri wa miaka 8 hivi, alijitenga, akakataa kula, naye akafa kabla mwezi haujaisha.

Mwaka 2016 tumbili 61 walikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania. Mwaka huohuo Serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Ilifanya vema. Lakini biashara hii haianzii uwanja wa ndege. Huanzia kwa mtegaji anayejua kwamba mnunuzi yupo.

Tunawasikia wanaosema: “Watu wana njaa, nyani wanamaliza mahindi yetu, ninyi mnahubiri tumbili?” Mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inakubali kwamba mwanadamu awatumie wanyama kwa chakula na mavazi, lakini inafundisha kuwa kuwatesa pasipo sababu kunapingana na hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Mnyororo wa baa hauokoi hata debe moja la mahindi. Unatuzoesha tu kucheka mbele ya mateso, na aliyezoea hivyo atamhurumiaje mgonjwa au mfungwa?

Wapo pia waamini wanaomnunua mnyama kwa huruma ili wamwokoe. Nia ni njema, lakini fedha hiyo humrudisha mtegaji porini kutafuta mwingine. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, hivyo njia iliyo bora ni kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa TAWA.

Tarehe 4 Oktoba tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tunapendekeza kila Jumuiya Ndogondogo ijiulize siku hiyo: je, mtaani kwetu kuna mnyama aliyefungwa hivi, na nani atakwenda kuzungumza na mwenye naye kwa upole? Sisi waseminari tuanze kwa kutubu kicheko chetu. Wa pale baa bado yuko kwenye mnyororo, na safari hii tutakwenda kwa mwenye baa bila simu ya kupigia picha.