REDIO ILITUKUSANYA, SASA INATUTAWANYA

Ndugu wanaushirika,

Mkutano mkuu unakaribia, na kwenye ajenda liko jambo ambalo wengine wamekwisha kulicheka: chama kinunue redio moja, iwekwe ghalani, watu wakutane kuisikiliza. Eti redio! Kila mtu ana simu mfukoni, ya nini kuchezea fedha za chama? Sisi tuandikao ubao huu twaiunga mkono ajenda hiyo, na tutasema kwa nini. Lakini kwanza tukumbushane redio ilikotoka.

Redio ya nchi hii ilianza mwaka 1951, wakati wa Mwingereza, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina lenyewe lasema kila kitu: ilikuwa sauti ya Dar es Salaam, na huku kwetu haikufika. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, serikali ikalivunja shirika hilo na redio ikawa idara ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam, ile ambayo wazee wetu mpaka leo huiita RTD.

RTD iligawa kazi yake. Idhaa ya Taifa ilikuwa ya habari na mafunzo, Idhaa ya Biashara ilikuwa ya muziki na matangazo ya bidhaa, na Idhaa ya Nje iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi ya kusema na watu wao. Bendi zetu za dansi zilirekodi nyimbo nyingi katika studio za RTD, na ndiyo maana nyimbo hizo zipo hata leo. Tena ilitangaza kwa Kiswahili. Mnyaturu wa Ilongero, Mgogo wa Dodoma na Mmakonde wa Mtwara walisikia neno moja kwa saa moja.

Lakini kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ilikuwa ile ya mwaka 1973: kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana hamkuiona, basi sikilizeni. Watu walijiunga katika vikundi. Kila juma, kwa majuma 12, kikundi kilikaa mbele ya redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, halafu kikaamua la kufanya. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kipindi kikiisha watu hawakwenda kulala tu. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, kwa njia hiyo hiyo.

Angalieni hapo, ndugu. Sauti ya redio peke yake haijawahi kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa na watu waliokaa pamoja, wakasikia pamoja, wakakubaliana, na kesho yake kila mmoja akamwuliza mwenzake: wewe umeanza?

Baadaye mambo yakageuka. Sheria ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio za watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Mwaka 2002 RTD ikaunganishwa na televisheni ya taifa, na mwaka 2007 ikaundwa TBC, ambayo idhaa yake ya TBC Taifa tunaisikia hadi leo. Mikoani nako redio zimeota kama uyoga.

Hatusemi kwamba ya zamani yote yalikuwa mazuri. Redio ile ilisema, sisi tukasikia, basi. Mkulima alikuwa na masikio, hakuwa na mdomo. Bei ya mazao ilipangwa na wakubwa, nasi tukaipokea kama mvua. Hata vyama vyetu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 kwa uamuzi wa juu, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Leo mtu wa kawaida anapiga simu studio na kusema lake. Hilo ni jambo jema na tusilipoteze.

Lakini faida hiyo imekuja na hasara. Washa redio saa nne asubuhi: muziki, mpira, matangazo ya kubeti, kisha muziki tena. Kipindi cha kilimo, kama kipo, mara nyingi huwekwa wakati mkulima yuko shambani na jembe mkononi. Mwenye redio hatumlaumu sana. Yeye anamfuata anayelipa. Anayetangaza kubeti analipa. Sisi wa alizeti tumempa nini? Hata barua hatujampa.

Na wale wasemao simu zinatosha, tunawauliza: msimu wa alizeti uliopita, simu zilitusaidia nini? Huyu kasikia bei hii kwa shemeji yake wa Singida mjini, yule kaona nyingine kwenye kundi la simu, wa tatu hakusikia kitu. Kila mtu na habari yake, kila mtu na bei yake. Mlanguzi akapita nyumba kwa nyumba akamnunulia kila mmoja kwa unyonge wake, tena kwa lumbesa, gunia limevimba juu kama mgongo wa ngamia. Simu tulikuwa nazo, neno moja hatukuwa nalo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, mkutano uyapime.

Kwanza, chama kinunue redio moja ndogo ya mwanga wa jua. Jioni moja kila juma tukutane ghalani, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, tusikilize kipindi cha kilimo au cha masoko. Kikiwa kimepangwa mchana, kijana mmoja akirekodi kwa simu yake. Hapo simu itakuwa imefanya kazi.

Pili, baada ya kusikiliza tujadiliane, tuamue jambo moja tu la kutenda, na liandikwe hapa ubaoni ili tuulizane.

Tatu, katibu aandike barua kwa redio zinazosikika hapa, kwa muhuri wa chama, kuomba kipindi cha mkulima kiwekwe jioni na kitaje bei za mazao. Barua ya mtu mmoja hutupwa kapuni. Barua ya wanachama wote, na sahihi zao, si rahisi kutupwa.

Atakayepinga apinge, ndiyo maana ya mkutano. Ila asije na hoja ya kwamba redio ni ya kizamani. Jembe nalo ni la kizamani, mbona hatujalitupa? Kidole kimoja hakivunji chawa, na sikio moja halipandishi bei ya alizeti.

Njooni mkutanoni, tena mapema. Ushirika oyee!

Ni sisi,
Waandishi wa ubao wa chama, Ilongero