Uwanjani na Nyumbani: Mchezo Usioandikwa Husahaulika

Mwezi huu tunaweka kandanda pembeni kidogo. Tunataka kuongea juu ya michezo miwili ya gongo, kriketi na besiboli, na juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalidharau: kuandika nani alicheza.

Tuanzie mbali. Mwaka 1837 mtoto wa miaka 12, Henry Chadwick, alihama Uingereza pamoja na wazazi wake, wakahamia Brooklyn, ng'ambo ya mto kutoka New York, Marekani. Alipokua akawa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka 1856 akatazama mechi ya besiboli, ikamkolea kabisa. Sasa, kriketi ilikuwa na desturi yake: kila mchezaji anaandikwa jina, amepata pointi ngapi, na ametolewa namna gani. Chadwick akaichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye besiboli. Hakuwa wa kwanza, maana Oktoba 1845 magazeti ya New York yalishachapa matokeo na majina ya mechi kati ya New York na Brooklyn. Lakini yeye aliishikilia kazi hiyo miaka mingi, akaiboresha, mpaka wengine wakamfuata.

Na hao wachezaji hawakuwa watu wa mshahara. Klabu ya Knickerbocker, ya mwaka 1845, ilikuwa ya makarani na wafanyabiashara. Eckford ya Brooklyn ilianzishwa na mafundi wa meli. Watu wa kawaida tu, wanatoka kazini wanaenda uwanjani. Bila ile mistari midogo gazetini, nani angewajua leo?

Kuna kisa kimoja kinachotugusa zaidi. Oktoba 1862, utumwa ukiwa bado upo katika majimbo ya kusini, gazeti la Brooklyn Daily Eagle liliandika mechi ya timu mbili za watu weusi. Moja iliitwa Monitor. Nyingine ilijiita Unknown, yaani Wasiojulikana. Mwandishi aliwaandika kwa kejeli, jambo la aibu sana. Hata hivyo aliweka majina na pointi zao. Kejeli yake haina faida kwa mtu tena, lakini majina yapo. Wasiojulikana wanajulikana!

Tuje sasa kwetu hapa Uganda. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Ilifungwa mechi zote tatu. Lakini karatasi za mechi zipo, na ndiyo maana tunajua kwamba Waganda John Nagenda na Sam Walusimbi walikuwemo. Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, walicheza na New Zealand, na Nagenda alimtoa mchezaji mmoja. Baadaye Nagenda mwenyewe akawa mwandishi wa safu katika gazeti la New Vision. Kushindwa hakukuwafuta. Kilichoandikwa kimewabakiza.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2011 watoto wa besiboli wa Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Poland, wakawashinda Saudi Arabia. Walipaswa kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Viza zikakataliwa, kwa sababu tarehe za kuzaliwa na umri havikulingana kwenye maelezo na makaratasi. Jamani, watoto wameshinda uwanjani, wakasimamishwa na karatasi! Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapambane nao kule, walisafiri wenyewe mpaka Uganda, wakafungwa 2-1. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ikafika Williamsport, ya kwanza kutoka Afrika, na ikawashinda watoto wa Oregon 3-2.

Sisi wakimbizi hatuhitaji kuelezwa sana uzito wa karatasi. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili.

Kwanza, kila timu ya watoto, ya wavulana na ya wasichana, iwe na daftari. Andikeni tarehe, uwanja, timu zote mbili, jina la kila mchezaji na pointi alizopata. Aliyeandika aweke jina lake chini. Msiandike "Kadogo" au "Messi" peke yake. Mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake, liandikeni lote. Walioshindwa waandikwe vilevile kama walioshinda.

Pili, wazazi, hebu chukueni leo karatasi ya familia, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na ripoti ya shule, mvilinganishe. Je, jina limeandikwa namna moja? Tarehe ni ileile? Kama kuna kosa, nendeni mkaombe lirekebishwe mapema, msingoje siku ya safari. Na mtoto asipunguzwe miaka ili aingie timu ya wadogo. Leo atafunga, kesho atafungiwa mlango.

Daftari ni bei ndogo, na kalamu vilevile. Labda miaka hamsini kutoka sasa mjukuu wa mtu atalifungua, aseme: kumbe bibi alicheza!

Basi, tukutane mwezi ujao. Mungu awalinde.