Tatizo ni Lami, Si Baiskeli

Kabla hujafungua ukurasa mwingine nakuomba unipe dakika chache. Mimi ndiye yule msichana wa kidato cha tatu aliyegongwa na kioo cha matatu mwezi wa Februari 2025, katika safari ya chama chetu cha baiskeli. Kovu lipo kwenye kiwiko cha kushoto, na atakaye ataonyeshwa. Nasikia kwamba kwa sababu ya kovu hilo safari zetu huenda zikapigwa marufuku, na ati wapo wanaosema, "Ajali haina kinga, heri watoto wakae shuleni." Wengine wameongeza kwamba wasichana ndio wakome kabisa. Kwa kuwa kiwiko ni changu, naona nina haki ya kusema neno.

Tulikuwa watu kumi na tisa pamoja na mwalimu mlezi. Vitabu vya Wazungu husema kwamba baiskeli ni starehe ya majira ya joto. Sisi huku Kisumu, karibu kabisa na Ikweta, joto tunalo mwaka mzima; tunachongojea ni ukavu wa Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijageuza udongo kuwa uji. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari yakiwa machache, tukashika barabara ya Busia hadi Kisian. Hapo tukaiacha lami, tukateremka upande wa ziwa kuelekea Ogal.

Jamani, sijui niseme nini kuhusu njia zile. Mimi ni mzaliwa wa huku na nilikuwa sijaziona! Ukikaa ndani ya matatu huoni kitu ila mgongo wa abiria aliye mbele yako. Njia zenyewe ni nyembamba, za udongo, zimepakana na nyua za minyaa, na kila baada ya hatua kadhaa kuna boma. Kuku wanakupisha, mbuzi hawakupishi. Ufuoni akina mama walikuwa wametandaza omena juu ya nyavu, na harufu ilitusindikiza kitambo kirefu. Nyanya mmoja aliyekuwa akichota maji alituuliza, "Nyithindo, udhi kanye?" yaani, watoto, mnakwenda wapi? Tulipomwambia Kit Mikayi alicheka, akatuuliza kama basi limeharibika.

Katika saa tatu zote tulizokuwa kwenye njia za ndani, tulikutana na pikipiki chache, punda wawili wenye mitungi ya maji, na gari moja tu lililokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeanguka isipokuwa katibu wetu, na yeye aliangushwa na majivuno kwa kuachia mikono yote miwili.

Kit Mikayi kwenyewe wengi mnakujua kwa picha: majabali makubwa yaliyopandana huko Seme, kama kilomita 29 kutoka mjini kwa barabara ya Bondo. Jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hilo hata akashinda pangoni kutwa nzima, na mkewe akampelekea chakula huko huko. Watu walipomwuliza mumewe yuko wapi, akajibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Tulikula mkate na mayai kivulini, tukabishana kama Ngeso alikuwa mvivu au mwanafalsafa. Mwalimu alisema mtu anaweza kuwa vyote viwili.

Sasa nije kwenye ajali. Yapata saa tisa mawingu yalianza kujikusanya, na kila mkazi wa hapa anajua mvua zetu hupenda kushuka jioni. Tuliona tukirudi kwa njia za ndani tutanyeshewa. Isitoshe njia hizo hukatika kwenye vijito, na penye kijito huna budi kupanda hadi lami ukatafute daraja. Basi tukaamua kurudi kwa lami moja kwa moja. Mwalimu alitoa amri moja: mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna maongezi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na habari isiyoweza kungoja, tukaenda sambamba. Kwenye mwinuko mmoja matatu ikaja kwa kasi, ikitaka kulipita lori, nayo barabara pale haikuwa na nafasi pembeni, ukingo wa lami umeliwa. Kioo kikanigusa bega, nikaenda chini kwenye kokoto. Gari halikusimama.

Nakiri kosa langu waziwazi, na mwenzangu ameniruhusu nikiri na lake. Lakini hebu tupime. Saa tatu kwenye udongo, hakuna hata mkwaruzo. Nusu saa kwenye lami, mtu mmoja karibu auawe. Je, baiskeli ilibadilika? Ni ile ile! Kilichobadilika ni barabara, haraka yetu na utiifu wetu. Hiyo si ajali isiyo na kinga. Kinga yake naiona mimi mwenye kovu, sijui kwa nini wengine hawaioni.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Baadhi yetu tunaona haya kupanda baiskeli. Ile niliyoendesha ni ya mjomba wangu, Mamba nyeusi, nzito kama kitanda, breki zake za vyuma. Wenzangu waliniita "boda" wiki nzima. Sawa, niiteni. Neno lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, miaka ya sitini, watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika miaka ya tisini mji huu wa Kisumu ulijaa baiskeli hizo, kerieri zao zimewekewa mito, na mjomba alikuwa mmojawapo wa waendeshaji. Kuanzia 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, pikipiki zilimiminika, baiskeli zikarudi kubeba maziwa na magunia. Mjomba alisomesha watoto watatu kwa miguu yake. Mama alipokataa kutia sahihi barua ya safari, ni yeye aliyemwambia, "Dada, mwache mtoto aende, mimi nilibeba hata wagonjwa usiku na hukuniuliza."

Na anayedhani baiskeli ni ya mtu aliyekosa nauli, na atazame Kigali. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika, na wanawake walishindana kwenye vilima vile vile walivyopanda wanaume. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alifundishwa kuendesha na Mkenya, David Kinjah. Sisemi kwamba katibu wetu atafika Ufaransa. Aanze kwa kushika usukani.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu na kamati ya wazazi ni hili. Msifunge chama; badilisheni njia. Safari zipitie ndani, na pale ambapo hatuna budi kuingia kwenye lami baada ya saa mbili asubuhi, tushuke, tusukume kando mpaka daraja lipite. Ndiyo, itachosha. Ndiyo, wapita njia watacheka. Safari iwe fupi pia, ili mawingu ya jioni yatukute tumeshafika. Kofia ngumu tulikuwa nazo tano tu kwa watu kumi na tisa, na hilo ni aibu yetu sote, si ya mwalimu peke yake. Chama kimeanza kuchanga. Mwenye kuvunja amri ya mstari mmoja aachwe nyumbani muhula mzima. Mimi na rafiki yangu tumekubali kuwa wa kwanza kuadhibiwa, kwa hivyo safari ijayo hatutakwenda.

Hilo limenigharimu kuliko kiwiko. Safari ijayo wanapanga kwenda Kano, kwenye tambarare za mpunga za Ahero, ambako hakuna mwinuko wa kuogopesha hata Mamba. Mjomba amekaza breki na kubadilisha tyubu ya nyuma. Amesema baiskeli haiwezi kukaa bure kwa sababu yangu. Nimwazime yeyote atakayeruhusiwa kwenda, mradi airudishe ikiwa imepanguswa.