Asiyekuwapo na Lake Halipo

Ndugu msomaji, ukishuka asubuhi Mwaloni Kirumba, hapa mjini Mwanza, utamwona mnunuzi, huenda ametoka Kongo au Rwanda, akitia mkono katika gunia la dagaa. Hunusa, husugua vidole, na akihisi mchanga hutaja bei ya chini. Mama mwenye gunia atalalamika, lakini moyoni anajua. Dagaa walioanikwa juu ya kichanja na wale walioanikwa chini hawawezi kuwa na bei moja. Hicho ni kiwango. Kilichokosekana ni maandishi tu.

Basi yafaa tujiulize: kinapoandikwa, huandikwa na nani? Wengi wetu hudhani kwamba viwango hushuka kutoka juu kama mvua. La hasha. Hutungwa na watu waliokaa mezani. Hapa nchini, Shirika la Viwango, lililozaliwa kwa sheria ya mwaka 1975, huita kamati ya wataalamu: wa maabara, wa viwanda, wa vyuo, wa serikali na wawakilishi wa walaji. Kamati huandika rasimu, umma huombwa maoni, maoni hujadiliwa, ndipo kiwango hupitishwa.

Duniani mwendo ni huo huo. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kazi mwaka 1947, na makao yake yako Geneva. Rasimu yake haipiti mpaka theluthi mbili ya nchi zinazoshiriki katika kamati husika ziikubali, na kura za kuikataa zisizidi robo ya kura zote. Kwa upande wa chakula iko Tume ya Codex, iliyoanzishwa na mashirika ya FAO na Afya Duniani mwaka 1963. Kamati yake ya samaki ilianza kukutana mwaka 1966, mwenyeji akiwa Norwei, nchi ya bahari ya baridi. Huko yalibishaniwa maneno madogo: unyevu kiasi gani, chumvi kiasi gani, samaki huyu aitweje.

Usidhani kuwa mabishano hayo hayatuhusu. Baina ya mwaka 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya uliwazuia kwa nyakati mbalimbali samaki wa Ziwa Viktoria: mara kwa hofu ya vijidudu, mara kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa habari za uvuvi wa sumu. Juu ya kipindupindu, wataalamu wa kimataifa walieleza kuwa hatari ya kuambukizwa kwa samaki hao ilikuwa ndogo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefungwa, na sangara ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nyingi za mwambao huu. Tulipata somo mara mbili: kwanza, uvuvi wa sumu ni aibu yetu wenyewe, pili, hoja isiyo na vipimo vya maabara haisikiki. Ndipo ukaguzi ukaimarishwa, nasi leo tunayo maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi.

Lakini jambo moja lingali linanitatiza. Mtaalamu anajua kupima unyevu wa dagaa. Mama wa mwaloni anajua mvua inaponyesha siku tatu mfululizo dagaa huwa nini, na mbao za kichanja hununuliwa kwa fedha ya nani. Kiwango kisichoijua habari hii kitakuwa sahihi karatasini na kigumu ufukweni. Atakayekishindwa si mvivu, ni maskini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, rasimu inapotangazwa, kikundi chenu kiiombe, mmoja aisome kwa sauti, wengine waseme, na maneno yao yaandikwe na kupelekwa kabla muda haujaisha. Wazee walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo. Na gunia la dagaa, kwa bahati mbaya, haliwezi kujisemea.