Motere Mpya au Ruluma? Neno Letu juu ya Motokari ya Klabu



Siku ya Posho inayokuja klabu ya ufundi itakutana ili kuamua namna ya kutumia franka zilizopatikana kwa kuuza mandazi. Mabishano yaliyoko kila mtu anayajua. Wamoja wanasema: tununue motere yenye nguvu kwa ile motokari ndogo ya telekomande. Wengine wanasema hapana. Hata kwenye meza ya chakula watu wanagombana juu yake. Sisi wa darasa la sita, tuliopewa kazi ya ukapita, tunasema wazi: tuko upande wa hapana. Motere isinunuliwe. Tununue ruluma, mafuta ya amotisa, turnevisi moja nzuri na daftari moja.

Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho.

Kwa wale wa darasa la kwanza ambao wanaiona kwa mbali tu, tunaeleza. Motokari yetu ni ya aina ya Hornet, kazi ya kampuni ya Tamiya ya Japani. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, na mwaka 2004 kampuni ikaitoa tena. Jina lake ni la mdudu, ndugu ya nyigu. Kipimo chake ni 1 kwa 10, maana yake ukubwa wake ni sehemu moja ya kumi ya gari la kweli. Motere yake ya umeme ni ya kipimo kinachoitwa 540, batri yake ni ya volti 7.2, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Imefanywa kwa kukimbia katika udongo na changarawe.

Sasa wale wanaotaka motere wanasema hivi: “Zamani ilikuwa inaruka kama panzi, leo inatambaa kama kobe. Basi motere imezeeka.” Sisi tunauliza: nani kati yenu aliinua gari na kuzungusha gurudumu kwa kidole? Fanyeni vile. Gurudumu zuri linazunguka muda mrefu, peke yake. Letu linazunguka mara mbili, kiisha linasimama. Mle ndani muko vipete vya plastiki ambavyo ekseli inazungukia. Vumbi la kiangazi limeingia, limechanganyika na grisi, limekuwa kama jiwe la kunolea visu. Motere inapigana na vumbi lile mbele ya kupigana na njia.

Na motere inayopigana inafanya nini? Inavuta umeme mwingi. Inapata moto. Batri inakwisha upesi. Tukiweka motere yenye nguvu zaidi juu ya magurudumu yale yale, itavuta umeme mwingi kupita ya kwanza, na batri itakwisha mbele ya nusu ya mchezo. Ni kama kumpa chakula mara mbili mtu aliyefungwa kamba miguuni. Fungueni kamba kwanza!

Ruluma ndiyo dawa. Ni kile kipete cha chuma chenye bili ndogo ndani, kama zile za kinga, lakini ndogo sana. Kinaingia fasi ya kipete cha plastiki. Tuchague zenye kifuniko pembeni, vumbi lisipite. Gari litakwenda mbio kuliko leo kwa motere ile ile, na batri itadumu zaidi.

Mtasema hayo ni maneno ya wazee wanaoogopa mwendo. Basi tutazame wale wanaoshindana kweli. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa Hornet, kampuni Associated ya Kalifornia, Marekani, ilitoa gari linaloitwa RC10. Motere yake ilikuwa ya kipimo kile kile cha 540. Nguvu yake ilikuwa fasi nyingine: mwili wa aluminiamu, amotisa ndefu zenye mafuta kwa magurudumu yote manne, na vipande vinavyofunguka na kutengenezwa kimoja kimoja. Mwaka 1985, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya namna hii, kule Del Mar, Kalifornia, RC10 ilishinda upande wa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1987, kule Romsey, Uingereza, Mjapani Masami Hirosaka alishinda upande wa magurudumu manne. Alikuwa na miaka 17 tu. Ni umri wa wengi wetu! Kiisha alishinda tena na tena, hata akawa na vikombe 14 vya dunia. Mtu hashindi mara 14 kwa bahati.

Mbio zile ni za dakika chache, mara nyingi 5. Katika dakika 5 visi moja ikilegea, gurudumu linatoka na yote imekwisha. Mwenye mwendo mkubwa anabaki pembeni, anatazama mwenye mwendo wa kadiri akipita.

Basi tukubali kazi. Haiko ngumu. Iko ya subira tu.

Kwanza, kila mara nyuma ya mchezo gari lisafishwe kwa brosi kavu. Wamoja wanapenda kulitia ndani ya beseni la maji. Hapana! Maji yanaingia ndani ya motere, yanaleta kutu. Wengine wanataka kupangusa kwa esansi. Hapana tena! Esansi inakula plastiki.

Pili, visi zote zikazwe, lakini kwa akili. Visi inayoingia ndani ya plastiki ikikazwa kwa hasira, tundu linaharibika na haishiki tena. Ndiyo sababu tunaomba turnevisi nzuri. Ile ya sasa imekwisha meno, inakula vichwa vya visi.

Tatu, amotisa za nyuma. Ndani yake muna mafuta. Yakivuja, gari linarukaruka kama mpira, magurudumu yanaacha udongo, na gurudumu lisilogusa udongo halisukumi kitu. Kutia mafuta mapya ni kazi ya dakika kumi: jaza, pandisha na shusha mti wake polepole mpaka povu litoke, acha litulie, kiisha funga. Mafuta mazito yanafaa njia laini. Mafuta mepesi yanafaa njia ya mashimo. Njia yetu nyuma ya mabweni ninyi wenyewe mnaijua.

Ine, batri. Ikitoka ndani ya gari na moto wake, isichajiwe palepale. Ipoe kwanza. Tena isiachwe kwa chaja usiku wote sababu mtu amelala.

Tano, telekomande. Mbele ya kucheza, washa telekomande kwanza, gari nyuma. Mbele ya kwenda, zima gari kwanza, telekomande nyuma. Ukigeuza, gari linabaki bila bwana, na linaweza kukimbia peke yake mpaka ukutani.

Na lile daftari? Ni la kuandika: leo tumebadili kitu gani, gari limekwenda namna gani. Badili kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadili mafuta na mipira siku moja, na gari likaenda vizuri, utajuaje ni kitu gani kilichosaidia? Fundi asiyeandika anaanza upya kila siku.

Sasa tunafika kwa neno lenyewe linalotuuma. Sababu gani gari limekuwa hivi? Telekomande iko na wapenzi makumi. Brosi haina hata mpenzi mmoja. Siku ya mchezo wakubwa wanashika telekomande, wadogo wanaokota gari likianguka. Mchezo ukiisha, wote wanakimbia kwa chakula, na gari linalala na matope yake. Tunaomba klabu ikubali sheria moja: asiyesafisha haendeshi. Iwe kwa wa darasa la sita, iwe kwa wa darasa la kwanza. Na mdogo aliyefungua amotisa na kuifunga bila kuvuja apewe zamu mbele ya mkubwa aliyekaa tu.

Wengine watasema: “Ninyi mnakwenda, mnatufungia sheria ya nini?” Ni kweli, tunakwenda. Mtihani wa Serikali ukipita, hatutakuwa hapa. Ndiyo sababu tunasema. Motere tunaweza kuwaachia, lakini itaungua na hamtajua sababu. Tukiwaachia mikono inayojua kufungua na kufunga, na daftari lenye kurasa zilizojaa, gari litafika kwa wadogo wenu ambao hawajaingia shule hii. Tazameni vitu vya shule vilivyolala ndani ya depo: vingi havikuzeeka, vilikosa mtu wa kuvitazama wakati ugonjwa ulikuwa mdogo. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi motere ya nguvu ni mbaya. Mwendo unafurahisha, na sisi pia tunaupenda. Siku magurudumu yatazunguka bure, amotisa hazivuji na daftari linaonyesha miezi mitatu ya kazi, klabu inunue motere, na sisi huko tutakakokuwa tutafurahi tukisikia.

Lakini Siku ya Posho hii, wakati mkono utaulizwa, inueni kwa ruluma.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita