Vioo vya Mashine za Tiba Visomeke kwa Kiswahili

Afikiriwe mchuma chai wa Igowole, wilayani Mufindi, mama mwenye kisukari anayejidunga insulini kila asubuhi. Leo amewahi shambani kabla ya kunywa uji, ukungu ukiwa bado umetanda. Adhuhuri analetwa nyumbani akitoka jasho, mikono ikitetemeka, maneno yakimtoka ovyo. Mwanawe anakumbuka alivyoelekezwa kliniki: anamchoma kidole, anaweka tone la damu, anasubiri. Kioo cha mashine ya kupimia sukari hakitoi namba. Kinatoa herufi mbili: LO.

Kwa macho yasiyozoea Kiingereza, herufi hizo ni rahisi kusomwa kuwa 10. Na 10, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ni sukari iliyo juu kidogo, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kisukari halimshtui mtu. Kijana huyo atamnyima mama yake chai ya sukari, kwa nia njema kabisa. Kumbe mashine ilikuwa ikisema kwamba sukari imeshuka hadi haipimiki tena: katika mashine nyingi za aina hiyo, chini ya 1.1, kiwango kinachoweza kuleta degedege, kuzirai na hata kifo. Neno la pili katika msamiati wa mashine hiyo, HI, humaanisha sukari imepanda kupita kiasi, kwa kawaida zaidi ya 33.3. Mjukuu aliye shule ya msingi atalitambua mara moja; amefundishwa kuwa ni salamu.

Wodini mambo ni mazito zaidi. Monita za wagonjwa, pampu za dawa na mashine za kutazamia mimba nyingi siku hizi huendeshwa kwa skrini ya kugusa, na lugha inayokutwa humo kwa kawaida ni Kiingereza. Kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kimesawazisha rangi: nyekundu ni hatari ya kushughulikiwa papo hapo, njano ni ya kushughulikiwa upesi. Kimesawazisha hata michoro: kengele iliyokatwa kwa mistari ya vipande imenyamazishwa kwa muda tu, ilhali iliyokatwa kwa mistari mizima imezimwa sauti mpaka mtu aje kuirudisha. Lakini maneno yanayoeleza sababu ya kengele kulia yameachwa kwa mtengenezaji. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku ana sekunde chache za kujua kama kibanio cha kidoleni kimechomoka au mgonjwa anakosa oksijeni.

Hujibiwa kwamba wauguzi na matabibu wamesomea Kiingereza, hivyo tafsiri ni anasa. Hoja hiyo ina nguvu darasani. Saa 9 usiku, katika uchovu, mtu husoma upesi zaidi lugha anayoishi nayo. Tena si wauguzi pekee wanaotazama vioo hivyo: wapo wahudumu wa wodi, yupo mama anayemwuguza mtoto, na yupo mgonjwa aliyerudi nyumbani na kifaa chake.

Ugumu wa kiufundi haupo. Kiswahili huandikwa kwa herufi zile zile za Kilatini, bila nukta wala alama za ziada. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Tangu 2008 M-Pesa imewafikia Watanzania wa kila kiwango cha elimu, nao hutuma fedha kwa kufuata menyu ya Kiswahili bila kuhitaji mkalimani. Kinachotakiwa ni kiolesura kilichojengwa tangu mwanzo kupokea lugha nyingi, chenye vitufe vipana. Mahali palipotengenezewa neno “Mute” lenye herufi 4, “Nyamazisha” lina 10. Kitufe kikiwa chembamba, muuguzi ataona “Nyama” na kushangaa imefikaje wodini.

Tafsiri yenyewe ndiyo yenye hatari, nayo isiachiwe kompyuta. Chukua agizo la kutoa dawa kila baada ya muda wa saa 8. Likiandikwa “kila saa 8”, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelewa kwamba dawa hutolewa mara moja kwa siku, saa 8 mchana, na mgonjwa atakosa theluthi mbili za dawa yake. “Kila baada ya saa 8” huondoa utata huo. Kosa la namna hii haligunduliwi na fundi aliye Ulaya au Asia; hugunduliwa na muuguzi wa Mafinga anayepewa mashine aijaribu kabla haijanunuliwa.

Wapo wazee wa Kihehe na Kibena ambao hata Kiswahili cha kusoma kitawapita. Kwao sauti iliyorekodiwa ingefaa kuliko maandishi, na mashine inayopokea lugha ya pili itapokea ya tatu. Hilo lisiwe kisingizio cha kutoanza.

Anayepaswa kudai ni mnunuzi. Kanuni ya vifaa tiba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 inaipa kila nchi mwanachama haki ya kuamua lugha ya maelezo yanayoandamana na kifaa. Slovenia, yenye watu wapatao milioni 2, inaweza kudai lugha yake na ikasikilizwa. UNESCO inakadiria kuwa wasemaji wa Kiswahili wanazidi milioni 200. Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa zikiandika sharti la Kiswahili katika zabuni zao, kisha nchi jirani zikafanya vivyo hivyo, mtengenezaji atakuwa na sababu ya kibiashara ya kutii.

Kwa sasa, kliniki yoyote ya kisukari inaweza kumpa mgonjwa kipande cha karatasi cha kubandika nyuma ya mashine yake: “LO si kumi. Sukari imeshuka mno. Akiweza kumeza, mpe maji ya sukari sasa hivi, kisha mpeleke kituoni. Akiwa amezirai, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize kituoni. HI si salamu. Sukari imepanda mno. Mpeleke kituoni leo, usingoje kesho.”